Kabla ya Kufunga Boila Nyuma ya Turbini, Hesabu Saa

Msomaji mmoja wa mtaa wa Pipeline, Embakasi, Nairobi, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa mitambo, ameniandikia hivi:

“Mhandisi, habari za siku? Tulifundishwa kwamba turbini ya gesi hutupa karibu theluthi mbili ya joto la mafuta yake kupitia bomba la moshi, na kwamba ukiweka boila na turbini ya mvuke nyuma yake, ufanisi unapanda hadi asilimia 60. Mradi wangu wa kumaliza masomo unahusu jambo hili. Kwa nini basi mitambo iliyokuwa hapa Embakasi haikuwekewa boila? Na kama boila haifai, ufanisi unaongezwaje bila kununua mtambo mpya?”

Njema, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, maana ndani yake kuna mambo mawili ambayo hata watu wa maofisini huyachanganya. Kuna jambo la joto: linakwenda wapi, na linanaswaje. Halafu kuna jambo la saa: mtambo utafanya kazi saa ngapi kwa mwaka. Mhadhiri wako alikueleza la joto vizuri. La saa ndilo lenye uzito zaidi kwa mitambo ya Embakasi, na mara nyingi huachwa nje ya hesabu za darasani.

Kwanza tuondoe neno linalopotosha watu. “Gesi” katika turbini ya gesi si ile ya mtungi wa jikoni. Ni hewa yenyewe, iliyopashwa moto na kuchanganyika na moshi wa mwako, ambayo husukuma bledi, yaani mapanga, za turbini. Kinachochomwa kinaweza kuwa gesi asilia, dizeli au mafuta ya taa. Ile mitambo miwili ya KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, unayoiulizia, kila mmoja wa takriban megawati 30, ilichoma mafuta ya taa. Mwaka 2016 ilihamishiwa Muhoroni kuimarisha stima ya upande wa magharibi. Hilo la kuhama liweke akilini, nitalirudia.

Sasa joto. Mfano ninaopenda ni wa mama anayepika chapati kwa jiko la makaa. Akimaliza chapati ya mwisho, makaa bado ni mekundu. Anachukua sufuria ya maji na kuiteleka juu yake, na kabla makaa hayajawa majivu, maji ya kuoga yako tayari. Hakuongeza hata kipande kimoja cha makaa. Mtambo wa mizunguko miwili ni huo huo. Turbini ya gesi inapika chapati, na moshi unaotoka nyuma yake, ambao katika mitambo mikubwa ya kisasa una nyuzi 600 na zaidi, unapitishwa kwenye boila isiyo na kichomeo chake. Maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha turbini ya pili, na moshi unatoka juu ukiwa na nyuzi 80 au 100 tu.

Tupige hesabu kwa mtambo mdogo wa zamani wenye ufanisi wa asilimia 30, yaani asilimia 30 ya nishati ya mafuta ndiyo inayogeuka kuwa stima. Lita moja ya mafuta ya taa ina nishati ya karibu megajuli 35, sawa na yuniti 9.7 za stima. Kwa asilimia 30 unapata yuniti 2.9 kwa lita. Ukiweka boila na turbini ya mvuke, mtambo wa umri na ukubwa huo utakuongezea takriban nusu ya nguvu ya turbini ya gesi, kwa hiyo unafika asilimia 45. Lita ile ile sasa inakupa yuniti 4.4. Si jambo dogo kwa nchi inayoshusha kila lita ya mafuta hayo bandarini Mombasa, na ambayo gharama ya mafuta ya kuzalisha stima hupitishwa kwa mteja. Kata risiti ya tokeni zako za nyumbani uitazame: mstari wa gharama ya mafuta upo. Mama anayeuza mboga kule Pipeline anaulipa bila kuujua. Ndiyo sababu siwezi kulichukulia jambo la ufanisi kama hesabu ya mtihani tu.

Lakini angalia, nimekupa 45, sikukupa 60. Asilimia 60 na zaidi ni ya mitambo mikubwa mno. Kituo cha Bouchain, Ufaransa, kiliweka rekodi ya asilimia 62.22 mwaka 2016, na baada yake vingine vimepita 63. Turbini moja ya namna hiyo inatoa mamia ya megawati. Moshi wa mwako unaingia kwenye bledi ukiwa na nyuzi 1,500 hadi 1,600, juu ya kiwango ambacho chuma cha bledi yenyewe huyeyuka. Bledi inasalimika kwa sababu ina mishipa ndani inayopitisha hewa ya kupoza na juu imepakwa ngozi ya kauri. Boila yake ina ngazi tatu za presha, na mvuke ukishatumika mara moja hurudishwa kupashwa moto tena. Ukinunua turbini ya megawati 30 ukasubiri asilimia 60, utasubiri sana.

Kuna na jambo lingine ambalo wanafunzi wengi hulikosea, kwa hiyo lisome polepole. Turbini iliyo bora peke yake si lazima iwe bora ikifungwa boila. Ukiongeza uwiano wa presha wa kompresa, ile sehemu ya mbele inayobana hewa (presha inayotoka ukiigawanya kwa inayoingia), ufanisi wa turbini pekee hupanda, lakini moshi unatoka ukiwa umepoa zaidi. Zile turbini zilizotokana na injini za ndege zina uwiano wa hadi 30 au zaidi, na peke yake zinafika asilimia 40 au 42. Moshi wake una nyuzi kama 450 tu, kwa hiyo boila inapata makombo. Turbini nzito za kiwandani zenye uwiano wa 17 au 20 humwachia boila moshi wa nyuzi 600. Basi katika mradi wako usichague turbini kwanza kisha ukaifungia boila. Chagua vyote viwili kwa pamoja.

Sasa tuje Embakasi. Kwa nini hakukuwa na boila?

Rudi kwa mama wa chapati. Akipika chapati hamsini kila asubuhi, sufuria ya maji ina maana. Lakini jirani yake anayewasha jiko kukaanga mayai mawili kisha anazima, makaa yake hayajashika vizuri hata chuma cha jiko hakijapata moto. Akiteleka maji, yatabaki baridi, na sufuria amenunua.

Turbini za mafuta ya taa katika gridi yetu zina kazi ya jirani huyo. Mzigo wa kila saa unabebwa na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Tana, na upepo wa Turkana. Turbini ya gesi inaitwa jioni watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, televisheni na hita za maji, au kunapotokea hitilafu, au mwaka wa ukame mabwawa yakipungua. Tuseme inawaka saa 4 kila jioni. Kwa mwaka ni saa 1,460 kati ya saa 8,760, yaani sehemu moja ya sita. Turbini ya gesi yenyewe inafikia nguvu kamili ndani ya nusu saa au chini. Boila haiwezi. Ina mitungi ya chuma kinene, na chuma kinene kikipashwa moto kwa haraka, ngozi ya ndani inatanuka kabla ya ya nje, na baada ya mamia ya mizunguko ya namna hiyo hutokea nyufa. Kwa hiyo unaipasha kwa adabu. Mtambo wa mizunguko miwili ulio baridi kabisa unaweza kuchukua saa 3 au zaidi kabla mvuke haujaanza kutoa stima ya maana. Watu wa Umoja na Donholm watakuwa wamelala.

Zipo boila zisizo na mtungi, ambamo maji huingia upande mmoja wa bomba na kutoka upande wa pili yakiwa mvuke. Hizo huvumilia kuwashwa na kuzimwa, na nyingine zinaweza kukaa kavu moto ukipita. Ukitaka kutetea boila kwa mtambo wa jioni, anzia hapo. Ila bado utalazimika kulipa kondensa ya kurudisha mvuke kuwa maji, mtambo wa kusafisha maji, turbini ya mvuke na jenereta yake, vyote kwa saa hizo 1,460, na sehemu ya saa hizo itapotea katika kupasha.

Halafu lile la kuhama. Turbini ya gesi ya megawati 30 inafunguliwa, inapakiwa kwenye malori, na inafungwa upya mahali gridi inapoihitaji. Uwezo huo ni sehemu ya thamani yake. Ungekuwa umeifungia boila yenye urefu wa jengo, kondensa na mnara wa kupoza, usingehamisha chochote kwenda Muhoroni. Ungeacha nusu ya fedha zako zimesimama Embakasi.

Linganisha na jirani zetu wa Tanzania. Pale Kinyerezi, Dar es Salaam, kituo cha Kinyerezi II ni cha mizunguko miwili na kina megawati 240. Kinachoma gesi asilia ya Tanzania yenyewe, inayokuja kwa bomba kutoka kusini mwa nchi, na kilijengwa kubeba mzigo wa mchana na usiku. Wale wanapika chapati hamsini. Kwao boila ilikuwa uamuzi sahihi, na sisi tukifanya kazi ya mayai mawili hatuna sababu ya kuwaonea gere.

Hapa karibu nasi pia usisahau Thika. Kituo cha Thika Power cha megawati 87 kinatumia injini za dizeli nzito, si turbini za gesi, lakini joto la eksozi za injini zake linanaswa na boila na kuzungusha turbini ndogo ya mvuke. Injini kubwa za namna hiyo peke yake zina ufanisi wa asilimia 45 hivi, hata zikiwa ndogo kuliko turbini, na huwaka na kuzimika bila malalamiko mengi. Maoni yangu, na sijawahi kuyaficha, ni kwamba kwa mahitaji ya ukubwa wa Nairobi injini zilistahili kushinda turbini za mafuta ya taa, na ndivyo ilivyokuwa kwa vituo vingi vya stima vinavyochoma mafuta kando ya jiji hili.

Lakini uliuliza pia la pili: mtambo upo, boila haipo, tufanyeje? Hapa nina mengi ya kusema, maana hapa ndipo nilipomaliza ujana wangu.

Anza na hewa. Turbini ya gesi ni mnyama anayekula hewa, na mafuta ni chumvi tu ya chakula. Mtu asiyeijua hutazama moto, kumbe kazi kubwa iko mbele, kwenye kompresa. Kituo cha kwanza kabisa cha umma cha turbini ya gesi kilijengwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1939. Turbini yake ilizalisha kilowati 15,400, kompresa ikala 11,400, zikabaki 4,000 za kuuza. Ufanisi ulizidi kidogo asilimia 17. Leo kompresa hula karibu nusu au zaidi kidogo ya kazi ya turbini, lakini kanuni ni ile ile: kinachobaki ni tofauti ya namba mbili kubwa, na ukiharibu kidogo namba moja, tofauti inaumia sana.

Chukua mtambo wetu wa mfano. Turbini inazalisha megawati 75, kompresa inakula 45, unauza 30. Ufanisi wa kompresa ukishuka kutoka asilimia 86 hadi 83, kompresa itadai megawati 1.6 zaidi kwa kazi ile ile. Hizo zote zinatoka kwenye 30 zako. Pointi tatu za kompresa zimekula zaidi ya asilimia 5 ya stima unayouza, na bado sijahesabu hewa iliyopungua kwa sababu njia imeziba.

Na pointi tatu zinapotea kwa urahisi. Fikiria hewa ya Embakasi na Mombasa Road: vumbi jekundu la Januari, masizi ya malori, moshi wa takataka zinazochomwa, na ukishuka Athi River unaongeza vumbi la saruji. Turbini ya ukubwa huo inavuta hewa zaidi ya kilo 100 kila sekunde. Chembe zilizo kubwa zinashikwa na filta. Chembe ndogo sana zinapenya, zinakutana na ukungu wa mafuta unaovuja kidogo kwenye beringi, na zinajipaka kwenye bledi za mbele kama rangi.

Nilifanya kazi katika kituo kimoja, nje ya nchi hii, ambako kila mtu alilalamikia mafuta. Nguvu ilikuwa imeshuka kwa megawati moja na nusu, na barua tatu zilikuwa zimeandikwa kwa aliyeuza mafuta. Siku tulipofungua mlango wa kukagulia, nilipitisha kidole kwenye bledi ya kwanza kikatoka cheusi na kinata. Tulisubiri mtambo upoe, tukauzungusha kwa mota yake ya kuwashia bila moto, tukaunyunyizia maji na sabuni maalumu, tukaiacha iloweke, tukasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Usiku ule sehemu kubwa ya megawati zile ilirudi. Kilichoniuma ni kwamba namba zote za kuonyesha ugonjwa zilikuwa kwenye kitabu cha zamu kwa miezi, zimeandikwa kwa mwandiko safi kila saa, na hakuna aliyezigawanya.

Kwa hiyo jifunze kuzigawanya. Unahitaji geji nne tu: joto na presha ya hewa inayoingia kwenye kompresa, joto na presha ya hewa inayotoka. Tuseme hewa inaingia na nyuzi 20, yaani 293 kwa kipimo cha Kelvini, na uwiano wa presha ni 12. Kwa hesabu ya darasani, kompresa kamilifu ingeitoa hewa na nyuzi 323. Geji yako inasoma 372. Gawanya: ongezeko kamilifu la nyuzi 303 kwa ongezeko halisi la 352, unapata asilimia 86. Miezi kadhaa baadaye, kwa uwiano ule ule, geji inasoma 385. Sasa ni asilimia 83. Mtambo umekuambia kwa sauti kwamba unataka kuoshwa. Hakuna kifaa cha kununua. Kinachotakiwa ni kuhakikisha vipimajoto vinasema kweli, maana kikidanganya kwa nyuzi 5 hesabu yako yote imeharibika.

Kuna kuosha mtambo ukiwa umesimama, kama tulivyofanya, na kuna kuosha ukiwa unafanya kazi, kwa kunyunyiza matone madogo ya maji mbele ya kompresa. Hiyo ya pili haisafishi sana. Inachelewesha uchafu, basi. Kwa mtambo wetu wa jioni unaolala mchana kutwa, sioni kisingizio cha kutouosha ukiwa umesimama. Ila maji yawe yametolewa chumvi zote. Ukitumia ya mfereji, chumvi itabaki kwenye bledi na nyingine itakwenda hadi sehemu ya moto, na huko hula chuma.

Filta nazo zina mizani yake. Filta ya kushika chembe ndogo zaidi inapunguza haja ya kuosha, lakini inaibana pumzi ya mtambo. Kwa makadirio yanayotumika sana, kila kilopaskali moja ya presha inayopotea kwenye filta hukupunguzia karibu asilimia 1.5 ya nguvu, na matumizi ya mafuta kwa yuniti huongezeka kama nusu asilimia. Hivyo filta nzuri iliyoziba inaweza kuwa mbaya kuliko filta ya kawaida iliyo safi. Badilisha kwa kutazama geji, si kwa kutazama kalenda.

Sasa mwinuko, maana najua utaulizwa siku ya kutetea mradi. Nairobi iko juu. Eneo la uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta liko mita 1,600 na ushee juu ya bahari, na presha ya hewa hapo ni kama kilopaskali 83 au 84 badala ya 101. Kila pumzi ya kompresa ina hewa pungufu kwa karibu asilimia 17. Mtambo uliouzwa kama wa megawati 30 pwani utakupa kama 25 Embakasi. Ndiyo sababu hiyo hiyo njia ya kurukia ndege pale ni ndefu, zaidi ya kilomita 4: injini za ndege nazo ni turbini, nazo zinakosa pumzi. Lakini sikiliza vizuri: nguvu ndiyo inayopungua, ufanisi karibu haubadiliki, kwa kuwa hewa ikipungua na mafuta yanapunguzwa kwa kiasi hicho hicho. Wanafunzi wengi huandika kwamba mwinuko unaharibu ufanisi. Usiandike hivyo.

Joto la hewa ni hadithi nyingine. Hewa ya moto ni ngumu kuibana, kwa hiyo nguvu na ufanisi vyote vinashuka. Kila nyuzi moja ya joto hukula kati ya asilimia 0.5 na 0.9 ya nguvu, kutegemea mtambo. Hapa Nairobi ina bahati. Na pale inapokuwa na joto, mchana wa Januari au Februari, hewa huwa kavu: nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 35, tuseme. Ukiipitisha hewa hiyo kwenye pedi zilizolowa maji, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa, utaishusha kwa nyuzi 8 hivi. Hiyo ni asilimia 5 ya nguvu kwa maji na pampu ndogo. Kwa mtambo wa mchana ningekwambia ufanye. Kwa mtambo wa jioni, hewa ya Nairobi imeshapoa yenyewe ifikapo saa moja usiku, na faida inayeyuka. Unaona tena saa zinavyoamua?

Jambo linalofuata halimo mikononi mwa fundi wa kituo, ila linapoteza mafuta kuliko uchafu wote niliousimulia. Ni kuendesha turbini kwa nusu lodi. Turbini ikishushwa hadi nusu ya nguvu yake, kila yuniti inaweza kula mafuta robo zaidi, wakati mwingine kupita hapo, kwa sababu kompresa inaendelea kudai chakula chake huku turbini ikizalisha kidogo. Mitambo miwili kwa nusu lodi badala ya mmoja kwa lodi kamili ni hasara iliyo wazi. Lakini usimlaumu haraka anayeongoza gridi kule Juja Road. Upepo wa Turkana, megawati 310 ukivuma vizuri, unaweza kushuka ghafla, na lazima kuwe na mtambo unaozunguka tayari kuziba pengo. Hapo ufanisi unauzwa kwa makusudi ili taa zisizimike. Ninachodai ni kwamba bei ya uamuzi huo iandikwe na ijulikane, na kwamba akiba ya namna hiyo itafutwe kwanza kwenye maji ya mabwawa na betri kabla ya kuitafuta kwenye mafuta ya taa.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Nafasi kati ya ncha ya bledi na ganda lake ikipanuka kwa kuchakaa, gesi inapita pembeni bila kufanya kazi, na hasara hiyo haiondoki kwa kuosha. Hiyo inangoja matengenezo makubwa. Viziba vya hewa ya kupoza na vali zinazovuja hewa iliyokwisha kubanwa ni wizi wa kimya, zikague kwa kamera ya joto. Kuongeza joto la mwako kwenye mtambo wa zamani kwa kubadilisha bledi za kisasa inawezekana, na hulipa pale tu mtambo unapofanya kazi saa nyingi.

Na ukiamua bado kuandika juu ya boila, mambo matatu ya Nairobi uyaweke ndani. Mafuta yakiwa na salfa, huwezi kushusha moshi hadi nyuzi 80, maana asidi itaganda kwenye mabomba ya mwisho na kuyala. Utasimama juu zaidi na kupoteza sehemu ya joto. La pili ni maji: jiji hili linategemea bwawa la Ndakaini na bado kuna mitaa inayopokea maji kwa zamu, kwa hiyo mnara wa kupoza unaokunywa maji mchana na usiku utaingia kwenye ugomvi na ndoo za watu. Ukitumia kondensa ya kupozwa kwa hewa, presha yake itapanda, tuseme kutoka kilopaskali 5 hadi 10, na turbini ya mvuke itatoa nguvu pungufu kidogo. La tatu ni habari njema. Maji huchemka Nairobi kwa nyuzi 94 au 95, ndiyo maana maharagwe yetu hayaishi kuchemka, na wengine hudhani mwinuko utaisumbua turbini ya mvuke pia. Hapana. Boila imefungwa na ina presha yake, kondensa imefungwa na haina hewa ndani. Mvuke haujui kama uko Mombasa au Ngong. Na mafundi wa mvuke tunao tele, Olkaria inazungusha turbini za mvuke tangu 1981.

Onyo la mwisho ni la karatasi. Ukiona asilimia imeandikwa, uliza ni ya thamani ipi ya joto la mafuta. Wauzaji hutumia ile ya chini, isiyohesabu joto lililofichwa kwenye mvuke wa moshi. Kwa gesi asilia tofauti ni karibu asilimia 10 au 11, kwa mafuta ya taa 6 au 7. Mtambo wa 45 kwa thamani ya chini ni kama wa 42 kwa ile ya juu, na ukichanganya mbili hizo ndani ya jedwali moja, msimamizi wako ataona uboreshaji ambao haupo.

Kwa mradi wako ningeacha boila kuwa sura moja fupi, na kiini kiwe kompresa. Omba ruhusa ya kutembelea kituo, nakili geji zile nne kutoka kitabu cha zamu, saa moja usiku, mtambo ukiwa kwa lodi kamili, kwa miezi 12. Nakili pia tofauti ya presha ya filta, megawati, lita zilizochomwa na tarehe za kuosha. Chora ufanisi wa kompresa dhidi ya saa za kazi, si dhidi ya tarehe. Kila mahali mstari unapopanda ghafla, angalia kama waliosha siku hiyo. Kisha geuza kila pointi iliyopotea kuwa lita: kwa mtambo wa megawati 30, kutoka asilimia 31 kushuka 30 ni zaidi ya lita 300 kila saa unapowaka. Ukipata mchoro huo, niandikie tena, tuone kama siku walizochagua kuosha zilikuwa ndizo.